Mkono Ukifura Ghafla Baada ya Kazi Ngumu

Wiki hii tunazungumza juu ya mkono. Hatusemi mkono uliovunjika wala uliotenguka. Tunasema mkono wa kijana mwenye nguvu zake, asiye na ugonjwa anaoujua, ambao asubuhi moja waamka umefura, mzito, rangi imebadilika, na mwenyewe hakumbuki kuanguka wala kugongwa.

Tuanze hapa karibu, Buxton. Tangu zile nyumba za zamani za manispaa zibomolewe mwanzoni mwa miaka ya 2020 kupisha maghorofa, mtaa huu umelisha mafundi wengi: waashi, wapiga plasta, wapiga rangi, na vijana wa kupandisha mawe na saruji. Tuseme yuko kijana wa miaka 25, fundi rangi, amepewa kazi ya dari. Siku tatu mfululizo ameinua mkono wa kulia juu ya kichwa, rola ikienda na kurudi, tangu saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni. Usiku wa siku ya tatu ahisi bega lina uzito. Asubuhi akivaa shati, mkono wa shati wambana. Saa ya mkononi haifungiki.

Amwambia mamake, "Mama, mkono wanifura." Mama aupapasa na kusema, "Ni uchovu huo, mwanangu. Pumzika, jioni twende kwa bibi hapo nyuma akukande."

Jioni mkono wakandwa kwa mafuta ya moto. Kesho yake apita duka la dawa, apewa vidonge vya maumivu. Maumivu yapungua kidogo, naye arudi kazini kwa sababu kazi ya kandarasi haingoji mtu. Wiki ya tatu ndipo afika hospitali, na juu ya bega na kifua mishipa imetokeza kama mizizi ya mkoko.

Kijana huyo ni wa mfano tu, msikilizaji, usimtafute. Lakini kila hatua aliyopita huchukuliwa mitaani kwetu, na kila hatua ilimpotezea siku. Kwa ugonjwa huu siku ndizo zenye thamani.

Kilichompata ni damu kuganda ndani ya mshipa mkubwa unaorudisha damu kutoka mkononi kwenda moyoni. Nitaueleza mshipa huo ulivyo, maana ukishaelewa njia yake utaelewa na maradhi yake. Weka vidole vyako juu ya mtulinga, ule mfupa unaotoka kooni kwenda begani. Chini yake, kwa ndani, upo ubavu wa kwanza kabisa. Kati ya mifupa hiyo miwili pana upenyo mwembamba, na mshipa wa mkono wapita humo humo pamoja na misuli. Ukiinua mkono juu, mtulinga husogea na upenyo hupungua. Kwa watu wengi nafasi hubaki ya kutosha. Kwa wengine upenyo ni mdogo kwa maumbile, au misuli imenenepa kwa kazi na mazoezi, na kila mkono unapoinuliwa mshipa hubanwa na kusuguliwa. Ukisuguliwa siku nyingi, ngozi yake ya ndani huchubuka, hupata kovu, na njia yake yazidi kuwa nyembamba. Kisha ije siku au juma la kazi kupita kiasi: damu yatuama pale palipobanwa, yakutana na pale palipochubuka, yaganda. Damu yaendelea kuingia mkononi kwa mshipa mwingine, ule utokao moyoni, lakini haina njia ya kurudi. Ndiyo maana mkono wafura wote, tangu juu hadi vidoleni.

Madaktari wameujua ugonjwa huu muda mrefu. James Paget aliueleza mjini London mwaka 1875, na Leopold von Schrötter wa Vienna akaonyesha mwaka 1884 kwamba chanzo ni mshipa kuziba. Majina yao mawili yakaunganishwa, na ukikuta hati ya daktari imeandikwa Paget-Schroetter, ndio huo.

Ni ugonjwa wa nadra, sitaki mtu akalala na hofu leo usiku. Hesabu inayotajwa kwenye vitabu vya tiba ni mtu 1 hadi 2 katika kila watu 100,000 kwa mwaka. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,208,333 katika kaunti ya Mombasa. Kama kiwango chetu ni hicho hicho, basi ni watu kama 12 hadi 24 kila mwaka katika kaunti nzima. Ni wachache, lakini wengi wao ni vijana, wanaume zaidi ya wanawake, na mara nyingi mkono unaoshikwa ni ule ule wa kazi. Kwa kuli, kwa mvuvi wa kuvuta nyavu, kwa kijana wa Kongowea anayerusha magunia juu ya lori, huo mkono ndio shamba lake.

Wala nguvu hazimkingi mtu. Wapenzi wa mpira wa kikapu watamkumbuka Brandon Ingram. Mwezi wa Machi 2019, akiwa na miaka 21 na akichezea Lakers, alipatikana na damu iliyoganda mkono wa kulia. Alifanyiwa upasuaji wa kupanua ule upenyo niliokueleza, akarudi uwanjani Oktoba mwaka huo huo. Halafu Februari 2025, Victor Wembanyama, yule Mfaransa mrefu ambaye baba yake ana asili ya Kongo, naye akiwa na miaka 21, klabu yake ilitangaza kwamba damu imeganda katika mshipa wa ndani wa bega lake la kulia. Hakucheza tena msimu ule. Alirudi msimu uliofuata. Hawa ni vijana wanaopimwa na madaktari mara kwa mara, na bado iliwapata. Tofauti yao na fundi wetu ni kwamba mtu aliushtukia ugonjwa mapema.

Basi wewe utautambuaje?

Kwanza ni ghafla. Mara nyingi ni ndani ya saa 24 baada ya kazi nzito au mazoezi, ingawa wengine huanza polepole kwa siku chache. Mkono wote wafura, sio kiungo kimoja. Pete haitoki. Ni mzito, umekaza, wauma kwa uzito zaidi kuliko kwa kuchoma, na ukiutumia au ukiuning'iniza wazidi. Ukiuinua juu ya mto wapata nafuu kidogo. Rangi huwa ya wekundu wa giza au samawati. Kwa ngozi yetu nyeusi rangi haionekani upesi, kwa hivyo usitazame mkono juu juu tu: weka viganja viwili pamoja kwenye mwanga wa mchana, tazama kucha, linganisha. Halafu vua shati usimame mbele ya kioo. Mishipa iliyotokeza begani na kifuani upande mmoja tu ni dalili kubwa, maana damu imefungiwa njia kuu na sasa yatafuta vichochoro.

Ukiwa na mashaka chukua uzi. Pima vidole vinne juu ya kisugudi, mkono wa kwanza kisha wa pili, mahali pale pale. Mkono unaoutumia zaidi huwa mnene kidogo kwa kawaida, lakini tofauti iliyozuka kati ya jana na leo haiwezi kuwa ya misuli. Misuli haioti usiku mmoja.

Hapa Pwani mkono ukifura watu hukimbilia kusema ni matende. Ni kweli matende tunayo tangu zama za mababu, yaletwa na minyoo midogo inayoenezwa na mbu. Lakini matende huchukua miezi na miaka kuota, na mara nyingi hushika miguu. Hayaji kati ya Ijumaa na Jumamosi. Mkono wenye usaha au maambukizi ya ngozi huwa wa moto sana, mwekundu kuzunguka kidonda, na homa juu yake. Uliotenguka huuma penye kiungo, na mwenyewe aikumbuka siku na saa. Na kama mkono ni wa baridi, umepauka, vidole vyafa ganzi, hapo huenda ni ule mshipa wa kuleta damu ndio ulioziba. Huo ni msiba mwingine, nao wataka hospitali saa hiyo hiyo.

Kuna wanaosema mtu ametupiwa kitu, au ni jicho la watu. Mimi sibishani na itikadi ya mtu kwenye redio. Msomee mgonjwa dua mkiwa njiani kwenda hospitali.

Sasa niseme juu ya kukanda, kwa kuwa najua mama zetu wananisikiliza na najua wakanda kwa mapenzi. Donge la damu likiwa bado bichi halijashikana vyema na ukuta wa mshipa. Ukilisugua kwa nguvu, kipande chaweza kumeguka, kikasafiri hadi moyoni na kutoka hapo kikaingia pafuni. Mapafu yakizibwa, mtu hupumua kwa shida ghafla, kifua humchoma akivuta pumzi, moyo humwenda mbio, pengine hukohoa damu au kuzirai. Huweza kufa. Donge la mkono huleta jambo hilo mara chache kuliko donge la mguu, lakini huleta. Kwa hiyo mkono uliofura ghafla haukandwi, haufungwi kamba, haupigwi chuku. Unainuliwa juu ya mto, mwenyewe aacha kazi, na safari ya hospitali yaanza siku hiyo. Ukiona dalili hizo za kifuani usingoje matatu ya rafiki yako. Tafuta gari lolote.

Hospitali gani? Zahanati ya karibu ni mwanzo mzuri ukipata mtu wa kukusikiliza, lakini kipimo chenyewe hakipatikani kila zahanati. Ukiwa Buxton una bahati, Hospitali Kuu ya Pwani, ambayo siku hizi ni ya mafunzo na rufaa, iko kisiwani hapa hapa. Eleza mambo mawili bila kuzunguka: mkono umefura tangu siku fulani, na kabla yake nilikuwa nafanya kazi fulani mkono ukiwa juu. Hayo ya kazi watu huyaacha, na ndiyo yanayomfungua daktari macho. Kisha uliza kwa adabu kama waweza kupigwa Doppler ya mishipa ya mkono. Ni picha ya ultrasaundi, ile ile mashine wanayopimiwa wajawazito, haina sindano wala maumivu. Huonyesha damu inavyokwenda na pale ilipokwama. Ina upungufu mmoja: mtulinga ni mfupa, na mfupa huficha kilicho chini yake. Ikiwa picha haikuonyesha kitu na mkono bado umefura, daktari aweza kutaka picha ya CT yenye dawa ya kuonyesha mishipa, na eksirei ya kutazama kama una ubavu wa ziada shingoni, jambo ambalo baadhi ya watu huzaliwa nalo.

Utaulizwa maswali mengine pia, usiyaone ni udaku. Damu yaweza kuganda mkononi kwa sababu nyingine: mpira uliowekwa kwenye mshipa mkubwa kwa ajili ya kusafisha damu au kutia dawa, saratani, ujauzito, vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni, selimundu, virusi vya ukimwi, au damu ya ukoo inayoganda upesi. Ukiulizwa kama ndugu yako yeyote alipata kuganda damu mguuni, jibu unalolijua.

Matibabu huanza kwa dawa ya kuzuia damu isizidi kuganda. Mara nyingi ni sindano ya heparini au enoksaparini, kipimo chake kikitegemea kilo zako, kisha vidonge. Watu hudhani dawa hizi huyeyusha donge. La. Huzuia lisikue na lisizae jingine, wakati mwili wenyewe ukilimeng'enya polepole. Vidonge huendelea miezi 3 au zaidi. Hapo ndipo wengi huanguka: mkono umepungua wiki ya pili, dawa ni pesa, mtu aacha. Kama tatizo ni pesa mwambie daktari hivyo, abadilishe dawa. Usiache kimya kimya.

Ukipewa wafarini, jua ni dawa nzuri na ya bei nafuu lakini yataka kuchungwa. Damu hupimwa mara kwa mara kipimo kiitwacho INR, na kwa kawaida hutakiwa kiwe kati ya 2 na 3. Chini ya hapo dawa haikulindi, juu ya hapo waweza kutoka damu. Sukuma wiki, mchicha na kisamvu vina vitamini K inayopunguza nguvu ya wafarini. Hukukatazwa kula mboga, ila ule kwa kiasi kile kile kila juma, usifululize siku tano kisha uache mwezi. Mama mjamzito hapewi wafarini hivi hivi, huweza kumdhuru mtoto, kwa hivyo mwenye dalili za mimba aseme. Vidonge vipya kama rivaroksabani havihitaji kupimwa INR, lakini vina saa zake, na vile vya kipimo kikubwa huliwa pamoja na chakula. Na kwa dawa yoyote kati ya hizi, usijiongezee aspirini, Brufen wala diklofenaki kutoka dukani. Maumivu yakizidi parasetamoli ndiyo salama zaidi, kwa kipimo chake. Kinyesi kikiwa cheusi kama lami, mkojo ukiwa na damu, au ukigonga kichwa hata kidogo, rudi hospitali.

Yako matibabu mengine, na hapa ndipo zile siku zinapohesabiwa. Kwa kijana ambaye donge lake ni jipya, wataalamu wa mishipa wanaweza kupitisha mrija mwembamba hadi penye donge na kumwaga dawa ya kuliyeyusha pale pale. Hufanya kazi vyema kabla ya siku 14 kupita. Baada ya hapo donge limekuwa gumu, limegeuka kovu, na dawa haliingii. Huduma hiyo haipatikani kila mji, huenda mgonjwa akapewa rufaa nje ya Mombasa, na barua ya rufaa, bima na nauli vyote hula siku. Fundi wetu aliyefika wiki ya tatu hakupewa hata nafasi ya kuulizwa kama aitaka.

Kisha kuna kuondoa ubavu wa kwanza ili mshipa upate nafasi. Wagonjwa hushtuka wakisikia, lakini mtu huishi vizuri bila ubavu huo. Madaktari wenyewe hawajakubaliana: wako wanaopendelea kuuondoa mapema kwa kijana yeyote wa kazi nzito, na wako wanaongoja kuona nani mkono wake utaendelea kusumbua. Mimi nawaelekea wale wa kwanza kwa mtu anayelishwa na bega lake, ila huo ni uamuzi wa mgonjwa na mpasuaji wake. Jambo moja halina ubishi mkubwa: kuweka stenti, ule mrija wa waya wa kupanua mshipa, wakati mifupa bado yabana, ni kuutia kwenye kinu. Utapondwa.

Asiyetibiwa je? Wengine hubaki na mkono unaofura kila wanapofanya kazi, unaochoka upesi, unaouma jioni. Mtu aliyebeba gunia zima sasa abeba ndoo nusu.

Maswali matatu nisiyotaka kuyaacha, kwa kuwa huja kila tunapozungumzia damu.

Mmoja huuliza juu ya hijama. Ukiwa unatumia dawa za kuzuia damu kuganda, kukatwa ngozi ni hatari, damu yaweza kukataa kukatika. Ngoja umalize dawa na umuulize daktari wako.

Vijana wa vyuma nao huuliza kama waache mazoezi. Asiye na dalili haachi. Lakini ukiona kila unaponyanyua vyuma juu ya kichwa mkono wabadilika rangi au wafura kidogo kisha watulia, hilo ni onyo la mshipa unaobanwa, na ndio wakati mzuri wa kupimwa kabla haujaziba. Aliyekwisha kuugua arudi polepole baada ya kuruhusiwa, na mizigo ya juu ya kichwa iwe ya mwisho kurudiwa.

Na wale wa dari na plasta: badilisha mkono unapoweza, pandisha jukwaa ili kazi iwe mbele ya uso wako badala ya juu ya utosi, teremka mara kwa mara uunyooshe mkono chini. Kunywa maji, hasa Januari hadi Machi jua linapotuunguza. Kiu peke yake haigandishi damu ya mkono, ila mwili uliokauka haujisaidii.

Mwenye kutumia wafarini aandike jina la dawa na kipimo chake cha mwisho cha INR kwenye karatasi, aiweke pamoja na kitambulisho. Daktari wa meno ataitaka kabla ya kung'oa jino.